Debe Mbili na Nusu

Kabla sijafika kwenye habari ya maharage niwaambie kwanza nilivyopata cheo, maana nikisema nilishawahi kua waziri watu wanacheka, na mi mwenyewe nacheka, ila mwaka 2010 pale shuleni hakuna aliyekua anacheka.

Nilifika Tanga mwezi wa nne, masika yamechanganya, natokea Singida na tranka la bati na ndoo mbili na godoro lililofungwa kamba ya katani. Baba alinisindikiza mpaka Dodoma akashuka, akaniachia elfu kumi na maneno mengi. Chalinze, Segera, Muheza, pale Muheza machungwa yanaingizwa dirishani hata hujaomba, alafu mkonge, mistari na mistari ya mkonge mpaka macho yanachoka, alafu joto. Mi nimekulia kwenye jua kali lakini jua la kwetu linakupiga na kukuacha, la Tanga linakuvaa kama sweta. Wenyewe wana msemo wao, waja leo waondoka leo. Sisi tulikuja leo tukaondoka baada ya miaka miwili.

Jina la shule silitaji, aliyesoma pale atajijua. Ni shule ya wasichana watupu, kidato cha kwanza mpaka cha sita, bweni wote, nje kidogo ya mji, na mwaka ule tulikua mia tano na arobaini. Hiyo namba ishikeni. Ada ilikua shilingi 70,000 kwa mwaka, ile ada ya bweni ya shule za serikali, hii habari ya kusoma bila ada ilikua bado, ilianza 2016 mpaka kidato cha nne na wale wa tano na sita wakafuata 2022. Kwa hiyo kila mzazi aliona amelipa na mtoto wake anakula.

Sasa serikali ya wanafunzi. Jamani ilikua na kila kitu kasoro jeshi. Dada mkuu, dada mkuu msaidizi, katibu, waziri wa taaluma, wa afya, wa usafi na mazingira, wa michezo na burudani, waziri wa maji (ambaye kazi yake kubwa ilikua kugombanisha ndoo na kuzipatanisha), waziri wa chakula, chini yao viranja wa mabweni, chini yao monita wa madarasa, na chini kabisa njuka wa kidato cha kwanza ambao hawakua raia, walikua wakimbizi. Usiku saa nne na nusu taa zinazimwa, saa kumi na moja alfajiri kengele, katikati ya hapo ni mwenye cheo tu ndo anaruhusiwa kutembea na tochi, na niwaambie ukweli, mi tochi ndo niliyoitamani kuliko cheo chenyewe.

Uchaguzi ulikua wetu mpaka unapofika kwa walimu. Unachukua fomu, unarudisha, tume ya uchaguzi ya dada wa kidato cha sita inapeleka majina ofisini, yanakaa kule wiki nzima, yanarudi machache. Mwaka wetu yalikwenda thelathini na moja yakarudi kumi na tisa. Wanaokatwa walikua wale wenye maswali mengi darasani, na waliowahi kushikwa na simu, na kuna mmoja alikatwa mpaka leo hajui kwanini. Mi nilipita. Nilikua mkimya sana, na ukimya wangu ulionekana ni busara.

Kampeni zetu ziliangukia mwezi wa kumi, na nchi nzima nayo ilikua kwenye kampeni, uchaguzi mkuu ulikua tarehe 31 Oktoba 2010, Kikwete, Dokta Slaa, Profesa Lipumba, magari ya matangazo yanapita barabarani na sisi tumeng'ang'ania fensi tunasikiliza, alafu jioni tunakuja kuigiza yaleyale bwaloni. Kuna dada alikua akisimama lazima atukumbushe kwamba rais Kikwete mwenyewe alisoma Tanga School, kwa hiyo rais wa nchi kala ugali wa bweni hapahapa Tanga, kwa hiyo tumpigie yeye kura. Uhusiano wa hayo mambo mawili hatukuuona ila tulipiga makofi.

Mpinzani wangu alikua binti wa HGL, wale wa historia, jografia na Kiingereza, mtoto wa mjini hasa, wa Ngamiani, ana maneno. Aliahidi wali mara tatu kwa wiki. Siku ya mwisho akaleta ndoo nne zikageuzwa ngoma, zikapigwa baikoko, ile ngoma ya Tanga ya kukata kiuno, bwalo likasimama, na waliokua wanajua kuicheza wakaicheza kama inavyochezwa, mpaka matroni akaingia na khanga yake begani akasema "mnajua mnachokikata hicho nyie?" ukimya ukashuka, na nadhani ndo pale alipopoteza kura za walokole. Mi niliahidi kitu kimoja tu, chakula kitatoka kwa wakati. Nilisema nikiwa natetemeka, kwa Kiingereza, kwa sababu kampeni ilikua lazima Kiingereza. Kura zilihesabiwa mezani kutoka kwenye katoni ya sabuni, nikamshinda kwa kura kumi na saba.

Baada ya kuapishwa tukapewa semina elekezi na mwalimu wa nidhamu, huyu nilimpenda, alikua anaongea kama anasoma sheria hata akiomba chaki. Akatuambia kiranja hana ruhusa ya kushika fimbo, hata mwalimu siyo kila mwalimu, kanuni za viboko zinasema ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi na mkuu, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na viandikwe kwenye kitabu. Tukaulizana sasa sisi tumebaki na nini. Akachomoa kalamu mfukoni akainyanyua juu, akasema hiki. Ukimwandika mtu, umemwandika.

Niliyempokea madaraka alikua dada wa kidato cha sita, amechoka, anawaza mtihani wa mwezi wa pili. Alinikabidhi daftari, funguo ya kabati la miiko, na neno moja, "Stoo usibishane." Akaondoka na vitabu vyake.

Kazi yenyewe ya waziri wa chakula ilikua hivi. Kila siku saa kumi jioni baada ya vipindi unakwenda stoo kushuhudia chakula cha kesho kikitolewa. Unga, maharage, mafuta, chumvi, sukari ya uji. Kinatolewa, kinaandikwa kwenye leja, unasaini. Mtunza stoo anasaini, mpishi mkuu anasaini, na wewe mwakilishi wa wanafunzi unasaini, saini tatu mstari mmoja. Hiyo saini yangu niliifanyia mazoezi kurasa mbili nzima nyuma ya daftari la jografia.

Mtunza stoo tulimwita Mama tu, Mama wa stoo, mtu mzima, mpole, anavaa miwani imefungwa uzi. Stoo yake ilikua inanuka vumbi la gunia na dagaa wa zamani. Mlangoni kulikua na mizani ya kuning'inia, ile yenye uso kama saa, lakini ilikua imekufa, hata haijabeba kitu inasoma kilo nne. Kwa hiyo vitu vilipimwa kwa debe, debe la bati lililowahi kua la mafuta ya kupikia, na kijiti cha kufutia. Maharage tulitakiwa gramu mia kila mtu, mia tano na arobaini tukawa tunatakiwa kilo hamsini na nne, na debe la maharage la mfuto ni kama kilo kumi na nane, kwa hiyo debe tatu. Hesabu ya darasa la nne.

Siku ya kwanza nilimwangalia anavyopima. Debe la kwanza akalijaza mpaka likavimba juu, akapitisha kijiti taratibu kama mtu anayempapasa mtoto kichwani, yaliyozidi yakarudi guniani. La pili vilevile. La tatu, ndani ya debe kulikua na mstari wa kutu umezunguka katikati, akamimina mpaka kwenye ule mstari, akaacha. Akamwaga kwenye sufuria. Leja ikaandikwa 54. Akanisogezea kalamu.

Nilisaini.

Sina maelezo mazuri ya hapo. Nilikua na miaka kumi na nane, mtu mzima ananisogezea kalamu, mpishi mkuu ameshasaini, nje wenzangu wanachota maji. Nilidhani labda mi ndo sijui kuhesabu. Kesho yake nikaangalia tena, mstari wa kutu, 54, kalamu. Keshokutwa nikaacha kuangalia, nikawa nageuka naangalia mlangoni wakati debe la tatu linamiminwa. Na wiki ya pili Mama wa stoo akanipa sukari, kikombe kimoja kimefungwa kwenye gazeti, "kunywea chai mwanangu, umekonda." Aliyesoma bweni anajua sukari ni nini. Sukari bwenini ni pesa, ni urafiki, unanunua nayo zamu ya kudeki, unasukwa nayo nywele. Kila Ijumaa kikombe kimoja. Nilikua nalamba na jirani yangu wa kitanda cha juu, gizani, taa zimeshazimwa, na hakuwahi kuniuliza imetoka wapi.

Maharage kule bwaloni yalikua maji yenye kumbukumbu ya maharage. Watu wa Tanga wanapika maharage na nazi mpaka unasahau nyama, ukipita tu Ngamiani jioni unaisikia ile harufu, sisi fensi moja tu kutoka hapo tunakunywa mchuzi unaoonyesha chini ya sahani. Wasichana wakanung'unika, na mi niliyeahidi chakula kwa wakati nikawa nasema, lakini si kinatoka kwa wakati?

Kukawa na mtoto mmoja wa kidato cha pili, mdogo wa umbo, tulikua tunamwita Kibibi kwa anavyoongea kama mtu mzima. Yakishatoka stoo maharage yanapelekwa chini ya mwembe nyuma ya jiko, darasa la zamu linachambua mawe. Siku hiyo zamu yao. Nikapita na daftari langu kwapani. Akasema bila kunyanyuka, "Shikamoo dada. Hizi mbona debe mbili na nusu?"

"Tatu," nikamwambia.

"Mbili na nusu dada, tazama yalivyokaa. Mi baba anauza nafaka soko la Mgandini."

Wenzake wakaacha kuchambua. Wakaniangalia, siyo kwa ubaya, wakaniangalia tu, kama mtu anavyoangalia saa kujua ni saa ngapi. Na mi nikafungua daftari, nikachukua kalamu, nikamwandika. Kosa: kumjibu kiongozi. Adhabu yake kufyeka nyuma ya bweni, siku tatu, saa kumi mpaka saa kumi na mbili. Sikumchapa mtu, sikumtukana mtu, nilifuata semina elekezi vizuri kabisa.

Siku ya pili ya adhabu yake tulikua na kipindi cha ziada cha GS, General Studies, jioni, na mada ilikua Elimu ya Kujitegemea, ule waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967. Mwalimu anasoma ile sehemu inayotaka wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba la shule, waone kazi yao na faida yake inakwenda wapi, siyo kuswagwa tu. Dirishani, kwenye yale majani marefu, naona mkono wa Kibibi unapanda na fyekeo unashuka, unapanda unashuka, kwa mwendo mmoja, hana haraka. Sikuandika noti hata moja siku ile. Na ile mada ikatoka kwenye jaribio, nikapata arobaini na moja.

Mwisho wa mwezi wa kumi na moja kukawa na baraza. Kwa wasiojua, baraza ni siku moja kwa muhula walimu wanakaa meza kuu na wanafunzi wanasema kero. Ila kero zinaandikwa karatasini jana yake, zinapitiwa, zinasomwa zile zilizofaulu. Zikasomwa. Taa za chooni. Vyandarua. Kwanini siku ya kutembelewa ni moja. Majibu yakawa tumelipokea, linafanyiwa kazi, tumelipokea. Mi moyo ukatulia. Tatizo kila kikao Tanzania kina kitu kinaitwa mengineyo, na kwenye mengineyo kidole kidogo kikanyooka kule nyuma.

"Mi naomba kujua maharage tunayopikiwa ni debe ngapi."

Watu wakacheka kidogo, alafu wakaacha. Mkuu wa shule, mama mmoja mrefu haongei mara mbili, akageuka upande wa viongozi. "Waziri wa chakula."

Nikasimama. Nikasema, "Tatu, madam."

"Kaa."

Nikakaa. Ndo hivyo tu, hakuna aliyenizomea, na naapa ningeshukuru wangenizomea.

Usiku ule baada ya taa kuzimwa mtu akaja kukaa ukingoni mwa kitanda changu. Dada mkuu. Msambaa wa Lushoto, maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyaandika kwenye kiganja. Akakaa kimya muda mrefu mpaka nikasikia chura wote wa Tanga. Alafu akauliza, "Ni ngapi?" Nikaangalia springi za kitanda cha juu. Nikamwambia mbili na nusu. Akaniuliza tangu lini, nikamwambia tangu niingie, wiki sita. Nilidhani atanisema. Akasema tu, "Kesho saa tisa na nusu tukutane zahanati," akawasha tochi yake akaenda.

Zahanati ya shule ilikua chumba kimoja na ilikua na mizani, ile ya kupandia miguu. Waziri wa afya alikua na funguo. Tukaifunga kwenye khanga kama mtoto mchanga, watu watatu, tukaenda nayo stoo. Mama wa stoo akatuona tangu mbali. Sijui nilitegemea nini, labda atafunga mlango. Akavua miwani akaifuta, akasema, "Pimeni wanangu."

Waziri wa afya akapanda peke yake, kilo hamsini na moja. Akapewa debe tupu, hamsini na mbili, kwa hiyo debe ni kilo moja. Debe la kwanza la mfuto, amelikumbatia, shingo imekakamaa, sabini. Kumi na nane. La pili, sabini. Kumi na nane. La tatu mpaka kwenye mstari wa kutu, sitini na moja. Tisa. Dada mkuu akajumlisha na kijiti kwenye vumbi la sakafu, arobaini na tano, akaizungushia duara.

Alafu Mama wa stoo akatuonyesha kitu ambacho sijawahi kukisahau. Nyuma ya mlango wake kulikua na vistari vya chaki, anahesabia gunia zinazoingia. Karatasi ya mzigo wa mwezi ule ilisema gunia kumi na nane. Vistari vilikua kumi na tano. Tuvihesabu, akasema, tukavihesabu. Mzigo ulipokuja uliletwa kumi na tano akaambiwa tatu zinakuja kesho, saini hapa gari liondoke. Akasaini kumi na nane. Kesho hiyo ilikua wiki ya nne sasa, na mwezi wa nyuma ilikua hivyohivyo. "Nikiwapa debe tatu kila siku," akasema, "siku tano za mwisho mnakula ugali na chumvi. Mwongozo unataka nandike hamsini na nne, naandika. Nawagawia ili yafike." Miaka ile madeni ya wazabuni wa chakula cha shule yalikua wimbo nchi nzima, serikali inachelewa kulipa, mzabuni naye anajilipa kwa namna yake, kwa hiyo siyo stori ya ajabu. Dada mkuu alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamuuliza, "Kwanini hukusema, mama?" Akajibu, "Mbona na huyu hakusema?" na hakunyoosha hata kidole, aliniangalia tu.

Habari ya sukari haikutajwa. Yeye hakuitaja, mi sikuitaja. Leo ndo naitaja.

Tukaenda kwa mkuu wa shule watu wanne, na Mama wa stoo akiwemo, kwa hiari yake, hilo nalo nimpe. Mkuu akasoma ile hesabu, akauliza nani mwingine anajua, dada mkuu akamwambia shule nzima madam, imeshasemwa barazani. Akakaa kimya. Nilitegemea kamati, unajua sisi na kamati. Akasema, "Basi kila siku mpime, muandike bwaloni. Na mi nitakua napita nasoma."

Kukatolewa ubao wa zamani wa kidato cha tatu, umepasuka pembe, ukaning'inizwa ukutani bwaloni kwa kamba ya katani. Siku ya kwanza nikaandika mwenyewe, MAHARAGE KG 45, WANAFUNZI 540. Nilijua watavunja bwalo. Walichofanya ni kugawanya. Foleni nzima ya ugali inagawanya arobaini na tano kwa mia tano na arobaini, njuka wanaandika kwenye viganja, mpaka jibu likapatikana, gramu themanini na tatu nukta tatu. Kuanzia siku hiyo maharage yakaitwa Nukta Tatu. "Leo tunakula nini?" "Ugali na Nukta Tatu." Na manung'uniko yakapungua, hili mpaka leo linanishangaza, maharage ni yaleyale, maji ni yaleyale, lakini mtu akijua ni arobaini na tano anakula arobaini na tano yake. Kuna siku niliandika 38, mzigo umechelewa, nikashuka kwenye kiti nasubiri kelele, bwalo zima likasoma likakaa likala.

Mkuu alikua anapita kweli, na kidaftari kidogo, ananakili namba zetu, na tukasikia alizipeleka kwenye kikao cha bodi ya shule na kwa mzabuni. Januari gunia zikaja kumi na saba, ubaoni 51. Mwezi wa tatu 2011 zikaja kumi na nane, na kuna gari lililogomewa kusainiwa mpaka zimehesabiwa, Mama wa stoo amesimama getini mikono kiunoni. Siku ile ilipoandikwa 54, ile nne hata haijamalizika, sahani za bati zilipigwa mpaka walimu wakatoka madarasani wakidhani kuna moto.

Sukari yangu ya Ijumaa ilikoma, hatukuambizana.

Kibibi nilimfuata kabla ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili. Nilikua nimeandaa maneno, nimeyapanga kama hotuba, nikamkuta anafua sketi kwenye karo. Nikamwambia mdogo wangu nimekuja kukuomba radhi, nilikuandika kwa kosa ambalo... Akanikatisha, bila hasira, anakamua sketi yake, "Dada, nimeshafyeka."

Nikasimama pale na hotuba yangu. Akaanika sketi, akarudi, akaniuliza kama ule ubao anaruhusiwa kuandika mtu asiye kiongozi, maana mwandiko wangu mbaya, saba zangu zinafanana na moja. Akawa anaandika yeye mpaka naondoka madarakani, na alinifundisha pia kujua debe kwa sauti, namna maharage yanavyolia yakikaribia kujaa.

Oktoba 2011 nikakabidhi kwa binti wa kidato cha tano. Nikampa daftari, funguo ya kabati, boksi la chaki, nikamwonyesha mizani inavyofungwa kwenye khanga. Akaniuliza kuhusu stoo nikamwambia bishana. Februari 2012 tukafanya mtihani, tukalia getini, tukaondoka.

Nilirudi pale mara moja tu, Oktoba 2014, mahafali ya kidato cha nne ya mtoto wa mama mdogo. Shule imepakwa rangi, mwembe umekatwa, Mama wa stoo kastaafu. Tukaingia bwaloni kwenye pilau na soda, na ule ubao upo palepale, wameutengeneza hata ile pembe iliyopasuka, wameupaka rangi nyeusi mpya unang'aa. Nikasogea. Maandishi mazuri sana, yamepigwa rula, meupe, MAHARAGE KG 54, WANAFUNZI 540. Nikapitisha kidole kwenye ile nne. Haikufutika, ilikua rangi ya mafuta.

Nikamuuliza mdogo wangu siku hizi mko wangapi humu. Akasema mia saba na kitu. Nikamuuliza na huu ubao wa nini, akautazama kama ndo kwanza anauona.

"Huo? Upo tu siku zote. Njoo dada, pilau inaisha."